Kicheko cha Jumamosi Jioni

Kicheko kilitangulia picha. Televisheni yetu ilikuwa sanduku zito ambalo Anko Shem, mdogo wake baba, aliliokota kando ya barabara huku kwetu Perry Barr, mtaa wa Birmingham, Uingereza, likiwa limebandikwa karatasi kwamba anayelitaka alichukue, na kwa uzee wake lilitoa sauti kwanza, picha ikafuata baadaye. Kila Jumamosi jioni, saa kumi na mbili na nusu, mama akishafunga mapazia, baba alibonyeza kitufe, na kutoka kwenye kioo cheusi kitupu watu wengi waliangua kicheko. Sikuwaona. Walicheka gizani, wanaume kwa wanawake, na mmoja wao alikuwa na sauti nyembamba iliyochelewa kuisha hata wenzake wakishanyamaza. Ndipo picha ilipojitokeza taratibu, nasi tukaona walichokuwa wanakicheka: mtu ameanguka. Sebule ilinukia vitunguu vya kukaanga na nguo mbichi zilizoanikwa juu ya hita, na mpaka leo nikikutana na harufu hizo mbili pamoja, viganja vinanitoka jasho.

Kilikuwa kipindi cha vichekesho cha Waingereza, kuhusu familia moja ya mafundi wa kazi zote. Kilikuwa na jina lake, lakini kwetu kiliitwa "ile ya mafundi" na basi. Baba wa familia alikuwa mzee mwenye kitambi, wanawe wawili hawakuelewana hata juu ya nani ashike nyundo, na bibi yao alipokea simu za wateja huku akifuma sweta lisilokwisha. Walitembea na gari la njano. Kila wiki waliitwa kwenye nyumba ya mtu kurekebisha kitu kidogo, bawaba ya mlango labda, au bomba linalodondosha maji, na kila walipoondoka waliiacha nyumba katika hali mbaya kuliko walivyoikuta. Rafu iling'oka na vikombe vyake vyote. Dari iliporomoka juu ya kitanda cha maharusi. Na kila wiki, bila kukosa, mmoja wao alianguka kutoka kwenye ngazi, mara nyingi yule baba mwenyewe, na wale watu wa gizani wakacheka mpaka wakakohoa.

Nasi tulikuwa familia ya mafundi wa kazi zote, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Baba alikuwa seremala tangu Kakamega. Alipofika Birmingham alibeba vifurushi kwenye ghala kwa miaka kadhaa, kisha yeye na Anko Shem wakanunua gari jeupe lililochoka na ngazi ndefu ya alumini, wakaanza kuziba, kupaka, kufunga na kufungua kwenye nyumba za watu. Ubavuni mwa gari Anko Shem alichora nyundo na msumeno kwa mkono wake mwenyewe, na nyundo ikafanana na mwiko wa ugali. Mama, Mtaita wa Wundanyi, alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na siku asizokuwa na shifti ndiye aliyepokea simu za wateja. Kwa kuwa Kiluhya cha baba na Kitaita cha mama havikujuana, nyumba ilikubaliana juu ya Kiswahili, nami niliyeletwa huku nikiwa na miaka mitatu nilikielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kanisa letu. Majira ninayoyasimulia nilikuwa na miaka tisa. Yalikuwa majira ya baridi kali, na kipindi kile kiliyajaza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Baba na Anko Shem walikitazama kama watu walio darasani. Walikaa ukingoni mwa kochi, vikombe mkononi, na kabla rafu haijang'oka walikuwa wameshajua itang'oka. Baba alisema yule mzee hajaweka pimamaji. Anko Shem alisema hapana, skrubu ndiyo fupi. Wakabishana, wakacheka, wakapigana vibao vya mapaja. Baba alisema kipindi kile kilimfundisha jinsi Waingereza wanavyolalamika bila kuonekana wanalalamika, na kwamba mtu akishayajua hayo amekwisha kujua nusu ya kazi. Mama yeye alitazama kwa namna yake. Kwao na kwetu sote, mtu akijikwaa mbele yako unamwambia pole, hata kama wewe si jiwe lililomkwaza, hata kama humjui. Basi kila yule mzee wa Kizungu alipoanguka, mama aliinua macho kutoka kwenye nguo alizokuwa anakunja, akaiambia televisheni, "Pole, baba," kwa sauti ileile aliyowaambia wazee wake kazini. Halafu akaendelea kukunja.

Mimi niliogopa. Sioni haya kusema. Ni mwoga tangu kuzaliwa, na woga wangu umenilisha, kama nitakavyoeleza. Niliwaogopa wale watu wa gizani. Sikuelewa ni akina nani, wanakaa wapi, wala ni nani aliyewaruhusu kucheka mtu akiumia. Nilijaribu kumuuliza mwalimu, naye akaniambia ni watazamaji tu, jibu lililozidi kunitisha, kwa sababu mtazamaji anaweza kuwa popote. Baba alipofunga ngazi juu ya gari asubuhi, nilitazama madirisha ya jirani ng'ambo ya barabara nikijiuliza kama wapo nyuma ya mapazia, wamejiandaa. Niliamini, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba walikuwa wanamngoja fundi aanguke, fundi yeyote, na kwamba siku moja wangemfikia wangu. Mama aliliona hilo. Akanivuta kwapani akaniambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, yaani nisione aibu kuogopa. Alinuia kunifariji. Mimi nikasikia tu kwamba kicheko kinakuja kwetu.

Kwa hiyo nilibuni dawa yangu. Ngazi ilipoanza kuyumba kwenye kioo, nilifumba macho nikahesabu moyoni, na sikuyafumbua mpaka yule mzee awe ameinuka. Alikuwa anainuka siku zote. Nikifika saba, nane, tayari kicheko kimepungua, yule mwenye sauti nyembamba amemalizia, na mzee yuko wima akijikung'uta vumbi na kuwalaumu wanawe. Sikuwahi kufika kumi. Nilihesabu kwa Kiswahili, na hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya kwa Kiswahili kwa hiari yangu, kwa sababu baba ndiye aliyenifundisha namba, siku za mvua, kwa kunipangisha misumari kwenye makopo ya maziwa: misumari mia kila kopo. Nilikuwa na tabia ya kuruka sitini na saba. Sijui kwa nini, ilinitoka tu, na kila nilipoiruka baba alimwaga misumari yote mezani akanirudisha sitini, bila kukasirika, mpaka niipitie.

Jumamosi ile mama alikuwa na shifti, nami nikachukuliwa kazini. Tulikwenda Handsworth, kwa mama mmoja Singasinga tuliyemwita Mama Harjit, kwa jina la mwanawe mkubwa. Alizaliwa Nakuru, ambako marehemu mume wake alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na alipomsikia baba akizungumza Kiswahili kwenye simu alikataa kabisa kutafuta fundi mwingine. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na cha karakana, hakikuwa na habari na ngeli, lakini kilifika kilikotumwa. Mfereji wa paa lake upande wa nyuma ulikuwa umelegea na kumwaga maji ukutani. Tulifika saa mbili asubuhi. Usiku ule ilikuwa imeanguka baridi ya kuua, na ua mdogo wa nyuma, uliozungukwa na kuta za matofali na usioona jua, ulikuwa mweupe wote kwa jalidi. Vigae vya sakafu yake vilimeta. Baba alivikanyaga kwa ncha ya kiatu, akasema ngazi haiwezi kusimama hapo, na katika hilo alikuwa sahihi.

Alichofanya baadaye nimekieleza mara nyingi kwa watu wazima waliozaliwa huku, nao hushika vichwa. Lakini waliokulia kwenye joto hunielewa. Baba aliomba maji ya moto. Mimi ndiye niliyetoka nayo jikoni, birika baada ya birika, nikiwa na fahari ya kupewa kazi, naye akayamwaga pale ngazi itakaposimama. Mvuke ulipanda mpaka kiunoni mwake, weupe ukayeyuka, vigae vikabaki vyeusi, visafi, vimelowa tu. Baba akamwambia Anko Shem kwamba Waingereza wanateseka na baridi kwa kupenda kuteseka. Na hapo hapo angesimamisha ngazi, maji yakiwa bado na uvuguvugu, pengine angemaliza kazi salama. Lakini Mama Harjit alitokea mlangoni na kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Fundi, kwanza chai. Kazi hapana kimbia."

Kwetu huingii kwa mtu ukakataa chai yake. Ni sawa na kumwambia nyumba yake ina njaa. Kwao pia. Basi tukakaa jikoni, na chai haikuja peke yake. Ilikuja na tangawizi na iliki, ikaja na chapati zilizojazwa viazi, ikaja na achari ya limau, na ikaja na Nakuru nzima: flamingo, vumbi, stesheni ya reli, mbwa wa jirani aliyekula viatu vya harusi. Baba na Mama Harjit waligundua kwamba wote wawili waliwahi kununua misumari kwenye duka moja, na wakaanza chai upya. Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba kule nje, upande wa pili wa mlango, maji yale yalikuwa yakirudi kuwa barafu polepole, na barafu ya safari hii haikuwa nyeupe ya kuonekana. Ilikuwa nyeusi kama kigae chenyewe.

Tulipoinuka, Anko Shem akasema kishikizo cha mfereji kimevunjika, akachukua gari kwenda dukani kutafuta kingine. Kazi ya Anko Shem kila siku ilikuwa kushika ngazi. Hiyo ndiyo sheria yao, mmoja juu, mmoja chini. Baba akasema hatafanya kazi, atapima tu. Mama Harjit alipanda ghorofani kufua, nikasikia maji yakifunguka kwenye mabomba. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe changu mkononi. Baba alisimamisha ngazi, akaitikisa, akaridhika, akapanda. Alipanda akiimba pambio la kanisani, kifutio cha penseli kikiwa kati ya meno, kwa hiyo wimbo ulitoka bila maneno. Alifika juu kabisa. Alinyoosha mkono wa kulia kushika mfereji, na nikaona miguu ya ngazi ikianza kutembea. Haikuteleza ghafla. Ilitembea kwanza, kidogo, kama mtu anayetaka kuondoka bila kuaga, kisha ikaondoka yote.

Nilifumba macho. Ndivyo nilivyokuwa nimejizoeza, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nikasikia alumini ikipiga ukuta, nikasikia kishindo ambacho sitakieleza, na baada ya hapo nikangoja kicheko. Nilingoja kwa kweli. Mwili wangu wote ulijua kwamba baada ya kishindo hufuata kicheko, na baada ya kicheko mtu huinuka. Nikaanza kuhesabu. Saba ikapita, nane ikapita. Kumi ikapita, ambako sikuwahi kufika, nami nikafanya kitu kimoja tu, nikahesabu zaidi. Niliwaza kwamba nikifumbua macho kabla hajainuka, hatainuka tena, na nitakuwa mimi niliyeharibu. Ishirini. Arobaini. Hakuna aliyecheka. Sijawahi tena katika maisha yangu kutamani kitu kama nilivyotamani kicheko kile cha watu wa gizani. Ningewasamehe yote, ningewaalika kwetu, mradi wacheke ili baba asimame. Ua ulikuwa kimya, maji ya ghorofani yanatiririka, na chai ilikuwa inanimwagikia vidoleni nami siisikii.

Nilifika mia moja na kumi na mbili. Hapo maji ya ghorofani yalifungwa, nikasikia kandambili kwenye ngazi za ndani, na Mama Harjit akanipita mlangoni. Kama alivyonisimulia baadaye, alijishika kwenye fremu ya dirisha, akanyata juu ya ile barafu mpaka alipolala baba, akapiga magoti kwa shida ya magoti yake. "Pole, fundi," alimwambia. "Pole sana." Nikafumbua macho. Baba alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umeelekea kusikotakiwa, uso una rangi ya majivu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilitaka kumkimbilia nimwinue, maana aliyeanguka huinuliwa, lakini Mama Harjit alinyoosha kiganja. "Hapana guza yeye. Lete blanketi. Lete simu." Kwenye kiwanda cha mbao cha Nakuru alikuwa ameona wanaume wakianguka kutoka juu ya magogo, na alikuwa ameona pia walioinuliwa haraka na wasitembee tena. Alimfunika kwa shali lake la sufi, akazungumza na watu wa ambulensi kwa Kiingereza cha Birmingham kilichonyooka kuliko changu, na mpaka walipofika hakuuachia mkono wa baba.

Jioni ile tulikaa hospitali, mama na mimi na Anko Shem, kwenye viti vya plastiki, tukingoja madaktari waliompasua baba nyonga watuambie kama atapona, na akipona kama atatembea. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare. Ukutani kulikuwa na televisheni. Saa kumi na mbili na nusu ikafika, na gari la njano likatokea. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinuka akaizime. Yule mzee wa Kizungu akapanda ngazi kupachika taa, ngazi ikayumba, akaanguka, na wale watu wakacheka, yule mwenye sauti nyembamba akachelewa kama kawaida yake. Mtu mmoja aliyefungwa bandeji kwenye kidole naye akacheka. Mama aliinua macho. "Pole, baba," aliiambia televisheni, kwa mazoea tu, na neno lilipomtoka ndipo alipofunika uso kwa mikono yote miwili, akalia, mara yangu ya kwanza kumwona analia. Nilijificha chini ya koti la Anko Shem, nikaziba masikio. Sikuhesabu. Niliapa sitahesabu tena.

Baba alipona. Alilala hospitali wiki nyingi, akatoka na chuma kwenye nyonga na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Katika wiki zile watu walimzunguka kitandani wakigombea kosa kama watu wanaogombea kulipa chai. Anko Shem alisema ni yeye, aliyeondoka akaacha ngazi bila mtu. Mama Harjit, aliyekuja kila alasiri na chapati kwenye karatasi ya alumini, alisema ni chai yake. Mama alisema ni yeye, asingekwenda shifti mimi ningekuwa nyumbani na Shem asingekuwa na haraka, hoja ambayo hakuna aliyeielewa. Baba mwenyewe alisema ni maji yake ya moto, na kwamba ajali haina kinga. Kila mmoja alipata sehemu yake, akaambiwa hapana, si wewe, akafutwa machozi. Mimi peke yangu nilinyamaza. Birika nilizobeba walizijua, na walishanisamehe kabla sijaomba. Lakini hakuna aliyejua kwamba baba alilala kwenye barafu na mimi nimesimama hatua nne kutoka kwake, mzima, nina miguu na sauti, nimefumba macho. Niliogopa kwamba siku wakijua, mikono iliyokuwa inanipapasa kichwa itaondoka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba hakupanda ngazi tena, lakini hakuacha ufundi. Yeye na Anko Shem walibadilishana, mmoja juu na mmoja chini kama zamani, na kwa miaka iliyobaki ya kazi yao baba ndiye aliyeshika ngazi. Aliishika kwa mikono miwili na goti. Mimi nilikua, nikasoma, na leo mshahara wangu unatokana na woga. Ninakagua usalama kwenye majengo yanayojengwa. Ninatikisa jukwaa, ninapiga picha viungo, ninawazuia wanaume wazima wasipande mpaka chumvi ya kuyeyusha barafu imwagwe. Wananiita majina ambayo wanadhani siyasikii. Hata maghorofa mapya hapa Perry Barr, yaliyokuja baada ya yale mashindano makubwa ya michezo, mengine yalipita mikononi mwangu, na baba na mama wanakaa kwenye mojawapo, ghorofa ya kwanza, kwa sharti langu.

Wao wana televisheni nyembamba iliyobandikwa ukutani, na siku hizi picha na kicheko hufika pamoja. Ile ya mafundi imerudi, inarudiwa Jumamosi jioni kwenye moja ya zile stesheni zinazoishi kwa vitu vya kale, na baba anaitazama akiwa na mwanangu Amani, mwenye miaka minane, anayeelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Sikuwahi kukaa nao. Daima nilikuwa na chombo cha kuosha. Majuma machache yaliyopita mama alininyang'anya sufuria mkononi, akaniambia nikakae na baba, amezeeka. Nikakaa. Gari la njano lilionekana dogo, na kuta za zile nyumba, nilizoziamini zamani, zilitikisika mlango ulipofungwa. Wale watu wa gizani bado walikuwa humo. Nikawaza kwamba wengi wao lazima wameshakufa, na yule mwenye sauti nyembamba pia, na kwamba walimcheka mtu aliyeangukia godoro, kisha wakachukua makoti yao wakarudi makwao kunywa chai. Hawakuwa na habari na baba yangu. Nilikuwa nimewaogopa miaka yote hiyo, na aliyefumba macho nilikuwa mimi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikamwambia. Sikupanga; Amani alikuwa amekwenda kuchukua maji, na nikasema tu, nikitazama mbele, kwamba siku ile kwa Mama Harjit sikumkimbilia, sikupiga kelele, nilisimama mlangoni nimefumba macho nikihesabu, nikingoja wacheke. Nilisema nilifika mia moja na kumi na mbili. Baba alipunguza sauti ya televisheni.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakusikia."

Nikamwambia haiwezekani, nilihesabu moyoni.

"Kwa sauti, Wakesho. Tena kubwa. Mimi sikuwa naona kitu, giza tupu, na usingizi ulikuwa unanivuta miguu. Nikasikia mtoto wangu anahesabu misumari. Nikasema basi, nisilale kabla hajamaliza kopo. Halafu ukaruka sitini na saba."

Niligeuka nikamtazama.

"Kama kawaida yako. Nikataka kukurudisha sitini, mdomo ukakataa. Nilikasirika, wewe. Nimelala pale nimevunjika, nimekasirika kwa sababu ya sitini na saba. Ile hasira ndiyo iliyonishika mpaka yule mama akaja." Alipapasa goti la mguu wake mfupi. "Nilidhani unajua. Nilidhani ulikuwa unanihesabia mimi."

Amani alirudi na glasi yake. Baba akaongeza sauti, kwa kuwa mzee wa Kizungu alikuwa ameshafika katikati ya ngazi, na wote wawili wakasogea ukingoni mwa kochi. Ngazi ikayumba. Akaanguka, watu wa gizani wakaangua kicheko, Amani akaangua chake, na kutoka jikoni mama akasema pole bila hata kuja kuona ni nani. Mimi nilifumba macho kwa mazoea, lakini safari hii nilihesabu kwa sauti. Nilipofika nane yule mzee alikuwa amesimama, anajikung'uta, anawalaumu wanawe. Niliendelea. Kumi, ishirini, arobaini. Amani alimuuliza babu yake kwa Kiingereza mama yake ana nini, na babu yake akamwambia anyamaze. Nilipofika sitini na sita nilifumbua macho nikamkuta baba ameinua kidole, ananingoja.

"Sitini na saba," nikasema.